Siku moja maishani mwangu: takia lililomeza neno

Saa 11 na nusu alfajiri nilikuwa uani nakamua tanga la kushonea mito na matakia. Lilikuwa la mashua moja kuukuu. Nahodha wake alilitia viraka mpaka viraka vyenyewe vikatoboka, ndipo akaniuzia. Nililiroweka siku mbili. Kitambaa kilichoishi baharini kimekunywa chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ukikishona hivyo hivyo, mto utakuwa majimaji kila msimu wa mvua na zipu, kwa anayeitia, itashika kutu. Maji ya kwanza nilimwaga, ya pili nikayaweka ya kuoshea sakafu. Maji yetu hapa Lamu hutoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, hayachezewi.

Oda ya siku hiyo ilikuwa ya baraza la nyumba moja mtaa wa Mkomani: mito sita ya tanga, na takia moja refu la leso lenye jina linalosomeka. Jina lenyewe: MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Mwenye nyumba alikuwa na wageni wa harusi kesho yake, kwa hiyo hapakuwa na cha "nitamaliza inshallah".

Saa 1 chai na mahamri. Napita.

Saa 2 akaingia binti wa kaka yangu, anayejifunza kazi kwangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Washa makaa."

Alikunja uso, maana alitaka kukaa kwenye cherehani. Lakini kwangu pasi ndiyo inayotangulia. Kitambaa chenye makunyanzi ukikipima kinakudanganya, na mshono usiopigwa pasi kila hatua huonekana wa mwanafunzi hata kama umenyooka. Pasi yetu ni ya makaa, na inakaa barazani, mbali kabisa na chumba cha sufi. Sufi, ile pamba ya mti wa msufi ninayojazia mito, hushika moto kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Mto wangu ukikamilika una sentimita 45 kwa 45. Mbele nakata 47 kwa 47, sentimita 1 kila upande ikiwa ya mshono. Nyuma situmii zipu. Nakata vipande viwili vya 32 na nusu kwa 47, kila kimoja nakipinda ukingo mmoja sentimita 1, halafu tena 2, kisha navipandanisha. Vinalaliana sentimita 12, mto unaingia katikati kama barua ndani ya bahasha, na siku ya kufua unautoa bila kuvunja kucha. Kwa tanga naweka sindano namba 18 na hatua ndefu. Namba 14 ninayoshonea leso ingekatika kabla ya kona ya kwanza. Uzi ni wa polista, maana baraza lile linapigwa na jua la asubuhi, na uzi wa pamba huoza juani.

Stima ilikatika saa 3. Cherehani yangu ni ya miguu, haikujua.

Pembe ndizo zilizonipotezea umri wangu. Mto wangu wa kwanza kabisa ulitoka na masikio manne kama ya punda wawili. Siku hizi, nikikaribia pembe, naupeleka mshono ndani kidogo kidogo mpaka karibu sentimita 2, halafu natoka nao vivyo hivyo upande wa pili. Kisha nakata ncha ya pembe kwa mshazari, mkasi ukikaribia uzi bila kuugusa. Ukigeuza, pembe inajaa badala ya kuning'inia. Binti alikata ya kwanza akaukata na uzi. Nikamwachia aishone tena mwenyewe.

Saa 5 nikaingia kwenye leso, na hapo ndipo fundi wa miaka ishirini na ushei alipoaibika.

Nilipima jina kutoka M ya mwanzo hadi E ya mwisho, nikaongeza sentimita 1 ya mshono kila upande, nikakata kwa raha zangu. Nikashona na ule ukanda wa mshazari unaozungushiwa kamba ndani ili ukingo uwe na mstari mnene. Nikageuza, nikalijaza. Binti akalisimamisha ukutani, akasoma kwa sauti:

"Geni njoo mwenyeji apon." Akanyamaza kidogo. "Shangazi, hii ni lugha gani?"

Herufi mbili zilikuwa zimezama. Takia likijaa hujipinda pembeni kama tumbo la aliyeshiba, na kile kilichokuwa usoni kinahamia ubavuni. Sikuliachia nafasi hiyo. Leso kubwa hivyo, na mimi nikaifanyia ubahili wa vidole vinne!

Kilichoniokoa ni kwamba leso huuzwa doti, mbili pamoja. Ya pili nilikuwa nimeichukua mgongo wa takia, lakini jina lake lilikuwa bado zima. Nikafumua, nikaikata ile ya pili nikiliachia jina sentimita 8 kila upande, na safari hii nikapiga bandi kwanza, mshono wa muda, kwa uzi mweupe, nikalijaza kidogo nione jina linakaa wapi, ndipo nikapiga cherehani. Mgongo ukawa wa tanga lililobaki, lile lenye alama ya kutu ya pete. Nilikuwa nimelificha kwa aibu.

Adhuhuri, wali wa nazi, samaki, usingizi wa dakika ishirini.

Saa 8 tulijifungia kwenye chumba kidogo, madirisha yote yamefungwa, ushungi puani, tukajaza sufi. Upepo kidogo tu na unaokota sufi kwenye nyusi hadi Ijumaa. Mfuko wa ndani ni wa marekani, kile kitambaa cheupe kilichopata jina kwa sababu meli za Wamarekani zilikileta pwani hii karne ya 19. Mfuko huo naushona 50 kwa 50, mkubwa kuliko foronya yake, ili mto ukae umetuna. Sufi haifuliwi. Ikipata maji hufanya madonge. Inaanikwa juani na kupigwa kwa fimbo, basi.

Baada ya alasiri ndipo raha inapoanza: sindano ya mkono, barazani, watu wanapita. Kwenye mito miwili nilizungushia viua, vile vitundu vidogo vya kofia. Unatoboa kwa msumari bila kukata nyuzi, unazisukuma pembeni, kisha unazungusha uzi ukingoni mpaka kitundu kibaki wazi. Kwenye mingine nilichora kwa chaki ua la mlango wa nyumba ya jirani nikalifuata kwa mshono wa mnyororo. Matamvua ya pembeni alitengeneza binti: uzi unazungushwa kwenye kadi ya sentimita 8 mara arobaini, unafungwa juu, unakatwa chini, unakabwa shingoni. Alitaka kuongeza shanga. Nikakataa. Shanga ni za pazia au kitambaa cha kufunikia chakula. Atakayelala mchana juu ya takia la shanga ataamka na ramani shavuni.

Jirani alipitisha kichwa kuuliza pazia la dirisha la mita 1 linataka kitambaa gani. Mita 2 za upana, nikamwambia, ukitaka marinda yakae. Ukinunua mita 1 na robo utakuwa umetundika shuka.

Kabla ya kufunga mzigo nilihesabu pini zote zirudi kwenye kimto chake. Pini ikilala ndani ya kitambaa usiku mmoja wa unyevu wa hapa, asubuhi imeacha doa la kutu lisilotoka.

Saa 11 na nusu punda alipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na mito yangu mgongoni, mimi nyuma yake nikiomba asijikune ukutani. Bi mkubwa wa Mkomani alipokea takia, hakusoma jina. Aliligeuza, akapitisha kiganja juu ya ile alama ya kutu ya tanga, akaniuliza ni la mashua gani. Nilipomtajia, akacheka na kumwita mumewe aje aone. Takia wakaliweka mgongo mbele.

Nikarudi nyumbani kumeshaingia giza. Binti alikuwa amekichukua kile kipande cha GENI NJOO MWENYEJI APON, akakishonea mto wake mwenyewe, pembe tatu zimekaa vizuri na moja imesimama kama sikio. Paka alikuwa ameshalala juu yake.