Siku moja maishani mwangu: kutwa Dapsimni, kati ya mitungi, makasha na michoro ya karatasi

Saa tatu na nusu asubuhi. Kituo cha Dapsimni, mashariki mwa Seoul, njia ya tano ya treni ya chini ya ardhi. Kabla ya kupanda ngazi nakagua begi: lenzi inayokuza mara kumi, tochi ya kawaida, tochi ya mwanga wa urujuanimno ya nanomita 365, futi ya utepe, sumaku ndogo, kitambaa kinene cha pamba cha kutandika mezani, penseli. Kalamu ya wino haiingii humo, maana tone moja juu ya karatasi ya karne iliyopita halifutiki. Pete na saa ya mkononi zinabaki nyumbani.

Soko hili la vitu vya kale lilikua miaka ya 1980, wauzaji walipohamia hapa kutoka maeneo ya Cheonggyecheon na pembe nyingine za jiji. Korido zimesheheni vinu vya mawe, milango ya kimiani, vibao vya kuumbia keki za mchele na bata wa mbao waliotolewa harusini. Insadong, mtaa wa maduka katikati ya jiji, unalipia kodi ya pango na watalii. Hapa unalipia kitu chenyewe. Kwa vidogovidogo nenda soko la Pungmul, Sinseol-dong, ila Jumanne usijisumbue, limefungwa.

Saa nne na robo. Mwenye duka anaitwa sajangnim, hata kama duka lake ni upana wa mlango mmoja. Unainama kidogo, unapokea kahawa kwa mikono miwili, na bei haitajwi kabla kikombe hakijaisha. Swali la kwanza lisiwe "kina miaka mingapi?" Uliza kimetoka mkoa gani. Jibu la mkoa unaweza kulipima kwa macho. Jibu la miaka ni maneno tu.

Mezani kuna mtungi mweupe wa kauri, kimo sentimita 31, maua ya samawati begani. Unasemwa kuwa wa karne ya 18. Maua siyatazami kwanza. Kiganja kimoja chini ya kitako, kingine begani. Mdomo haushikwi, kwa sababu ndio unaovunjika na kuungwa mara nyingi kuliko sehemu nyingine. Naulaza ubavu juu ya kitambaa, nasoma chini. Tanuri za serikali za Gwangju, mkoa wa Gyeonggi, zilipanga vyombo juu ya mchanga, na chembe zake zikaganda kwenye duara la kitako. Mchanga mwembamba na kitako kilichokatwa kwa utulivu huelekeza kwenye kazi nzuri ya tanuri hizo. Chembe kubwa na kitako kizito huelekeza mikoani au karne ya 19.

Ukingo unaokaa sakafuni huchakaa bila mpango: upande mmoja zaidi, mikwaruzo ikienda huku na huku. Msasa huacha mistari inayofuatana. Udongo mtupu wa kitakoni nao una rangi yake ya moto, machungwa hafifu. Wapo wanaoiiga kwa chai na mafuta ya mashine, kwa hiyo pamba yenye maji vuguvugu inapitishwa. Ikitoka na kahawia, uzee huo ni wa juzi.

Ndipo lenzi inapotoka. Glezi, yaani ile ngozi ya kioo iliyoyeyukia juu ya udongo, waghushi huififisha kwa asidi inayokula kioo. Lakini asidi hufika kila mahali, hata kwenye mkunjo wa shingo ambako mkono wa mtu haujawahi kusugua. Uchakavu wa kweli hufifisha tumbo na kuacha mikunjo iking'aa.

Maua sasa. Kobalti, madini yanayotoa samawati, ilipitia China na ilikuwa ghali. Katika karne ya 17, baada ya vita vya 1592 hadi 1598 na uvamizi wa Wamanchu wa 1636, wachoraji walitumia zaidi rangi ya chuma, ndiyo sababu mitungi mingi ya wakati ule ina michoro ya kahawia. Leo mtungi mweupe mtupu huuzwa kwa bei ya chini kuliko wenye samawati, basi kuna wanaochora juu yake na kuurudisha tanurini. Moto wa pili haufichiki: viputo vipya vinafura ndani ya glezi, vidoa vyeusi vinazuka, na uchafu uliokaa kwenye nyufa ndogo unaungua, nyufa zinabaki safi isivyo kawaida. Mtungi wa leo una nyufa za kahawia hadi chini ya petali, na samawati imejikusanya pale brashi ilipotua. Hapo uko sawa.

Taa zinazimwa, tochi ya urujuanimno inawashwa. Sehemu ya mdomo, upana wa vidole vitatu, inawaka weupe wa maziwa: ni resini ya kuungia. Kugonga taratibu kwa kifundo cha kidole kunathibitisha, mlio unakufa upande huo. Kuungwa hakuuui mtungi. Kunashusha bei, na sajangnim alijua tangu asubuhi. Anacheka, anaongeza kahawa.

Watu huuliza kwa nini tusipeleke kila kitu maabara kupimwa kwa mwanga wa joto. Kipimo hicho huonyesha udongo ulipochomwa mara ya mwisho. Kinataka kutoboa na kutoa udongo kidogo, na kinadanganyika: kitako cha kale hubandikwa chini ya mwili mpya, kisha sampuli ikachukuliwa kitakoni. Kwa mitungi ya mwezi, yaani ile mikubwa myeupe iliyoviringana, tahadhari ni kubwa zaidi, hasa tangu mmoja ulipouzwa New York mwaka 2023 kwa zaidi ya dola milioni 4.5. Mtungi wa aina hiyo huundwa kwa bakuli mbili zilizounganishwa kiunoni, kwa hiyo ingiza mkono ndani utafute ukuta ulionenepa kidogo katikati. Mviringo uliokamilika mno utie shaka.

Saa tano na nusu kuna bakuli za kijani za Goryeo, enzi ya wafalme wa Korea iliyoisha karne ya 14, na hizi nazipita haraka. Msomaji aliyeona vigae vya kijani kule Gedi ajue vile ni vya Longquan, China; kijani cha Goryeo hukaa karibu na kijivu, glezi yake nyembamba, na umahiri wake ni michoro iliyochongwa kisha kujazwa udongo mweupe na mwekundu, ambao motoni huwa mweusi. Nyingi zilitoka makaburini. Kama muuzaji hana maelezo ya chombo kilikokuwa miaka yote hii, tunakirudisha kabatini. Idara ya urithi ya Korea huchapisha orodha ya vitu vilivyoibwa, na kuipitia kwenye simu si kazi kubwa.

Mchana ni supu na wali, dakika ishirini.

Saa saba na nusu, makasha. Kasha la Zanzibar hufunguliwa kwa kuinua kifuniko. Kasha la Korea liitwalo bandaji huangusha nusu ya juu ya uso wake wa mbele. Lile la Bakcheon, kaskazini, hutambulika kwa mabamba ya chuma yaliyotobolewa mapambo madogo madogo. Hapa pia mbele nakuacha mwisho. Nageuza kasha, napapasa ubao wa mgongo: randa ya mkono huacha mabonde mepesi, msumeno wa mashine huacha mistari ya upinde inayorudiarudia. Kisha naomba bawaba moja ing'olewe msumari. Chini ya bamba la zamani mbao ina kivuli chenye umbo lilelile. Matundu yasiyolingana na bamba maana yake vyuma vimebadilishwa. Sumaku ikinasa kwenye bamba linaloitwa shaba nyeupe, ni chuma kilichopakwa. Unga mpya kama wa nafaka chini ya miguu ni wadudu walio hai, na kasha hilo haliingii nyumba yenye mengine.

Kinachoharibu zaidi ni makazi mapya. Mbao hujikunja kwa upana, si kwa urefu, kwa hiyo sakafu za moto za Seoul wakati wa baridi hupasua mbao za ubavuni. Inua kasha kwa vipande vya mbao, weka unyevu wa hewa karibu asilimia 50, usilielekeze kwenye kiyoyozi. Aliye Mombasa au Muscat ana tatizo jingine: kutu kwenye mabamba. Futa kwa kitambaa kikavu na nta kidogo. Mafuta ya kupikia hunata vumbi.

Saa tisa. Karatasi. Skrini ya vipande vinane vya herufi za maadili: ni herufi za Kichina, kila moja ikitaja adili moja na kubeba wanyama au mimea yake. Husomwa kutoka kulia: heshima kwa wazazi na samaki wake na machipukizi ya mianzi, udugu na ndege wawili, uaminifu kwa mfalme na samaki anayegeuka joka, na kuendelea hadi aibu. Mpangilio ukivurugika, au upana wa kipande kimoja ukizidi wenzake kwa sentimita moja, skrini ilikatwa na kuunganishwa upya kutoka mbili. Ikitazamwa mgongoni kwa mwanga wa pembeni, karatasi ya mforosadi huonyesha nyuzi ndefu na mistari ya kiunzi cha mianzi. Rangi kali za viwandani hazithibitishi ughushi, kwani ziliingia Korea mwishoni mwa karne ya 19. Ila rangi kali juu ya picha inayodaiwa kuwa ya karne ya 17, hiyo hapana. Picha za simbamarara na kkachi, ndege wa jamaa ya kunguru, zilibandikwa milangoni mwaka mpya na nyingi zikaisha na mvua. Zilizo safi mno zinataka maelezo.

Saa kumi na nusu ni makaratasi. Muuzaji lazima awe amesajiliwa na aweke daftari la mauzo. Naomba risiti yenye vipimo, picha na kasoro zilizokubaliwa. Kitu cha kabla ya 1946 hakitoki Korea kwa kuwekwa tu ndani ya sanduku la safari. Kipeleke kwenye ofisi ya ukaguzi, iliyopo hata uwanja wa ndege wa Incheon. Kikionekana si urithi unaolindwa, unapewa hati. Kikiwa ni urithi, kinabaki nchini, na pesa yako ulishailipa. Kwa hiyo ukaguzi utangulie malipo ya mwisho.

Saa kumi na mbili jioni, kufunga. Karatasi isiyo na asidi kwanza, moja kwa moja juu ya glezi. Plastiki ya viputo ikigusa mdomo ulioungwa huacha alama kwenye rangi ya fundi. Ndani ya mtungi karatasi iliyofinyangwa kwa ulegevu, isiyosukuma kuta. Viputo vitazame nje. Sanduku la kwanza na sponji sentimita 5 kila upande, kisha la pili na sentimita 5 nyingine. Nje huandikwa namba ya daftari, jina la chombo halitajwi. Tikisa kidogo, kitu kikisogea, fungua uanze tena.