Karatasi ya presha

Leo nimetoka kliniki na karatasi imeandikwa 158/98. Wiki iliyopita ilikuwa hivyohivyo, daktari kasema hii sasa ni presha, ikifika 140/90 na kuendelea siku tofauti wanahesabu unayo, na wengi wala hawasikii dalili yoyote.

Jamani asubuhi nilikuwa mzima kabisa. Nimepanda daladala ya Rangi Tatu nimesimama njia nzima na mzigo mkononi sikuwaza kitu.

Kurudi sasa, ngazi zilezile za nyumbani moyo unagonga mpaka masikioni, kichwa kizito, shingo inavuta, nikikaa tu najishika kifundo cha mkono natafuta mapigo, na mwili ni uleule wa asubuhi!

Mama naye keshaficha kopo la chumvi. Ananiita "mgonjwa wangu", kwa huruma kabisa, na hilo ndo limeniuma kuliko hata hizo namba.

Dawa nitakunywa, hapo sina ubishi, presha ukiiacha inaleta kiharusi.

Ila nyie mlioambiwa mna presha au sukari, hii ya kujisikilizia mwili muda wote iliwaishaje? Niambieni ukweli.