Upande wa gari: nilivyoifanya santuri ya marehemu baba iimbe tena

Mama alinipigia simu kutoka Tororo usiku mmoja mwaka jana, akaniuliza kama ule wimbo wa gari wa baba yangu bado unapatikana. Nikamwambia unapatikana sana, mpe simu mjukuu wako. Kijana akautafuta, akauweka. Mama akasikiliza mpaka mwisho bila neno, kisha akasema: "Ndio wenyewe, ila si wetu. Wetu una kidonda. Ukifika pale anapopaza sauti unaruka, baba yako anaugusa kwa kidole ndipo unaendelea."

Mama wa miaka 78 utamjibu nini hapo? Nikamwahidi nitamletea ule wetu, wenye kidonda. Ahadi hiyo ilinila miezi minne.

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Nairobi, na sisi watoto tulikulia kwenye landhi za Muthurwa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Ndiyo maana hata leo nikiwa Kampala Kiswahili ndicho kinachonitoka kwanza, Luganda baadaye. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, tulirudi Uganda na magodoro mawili, cherehani ya mama, gramafoni ya sanduku na santuri kama 20. Karibu zote zilikuwa rumba ya Kongo. Ya Wazungu ilikuwa moja tu, ya bendi ya Queen ya Uingereza, namba yake EMI 2375: upande wa kwanza "Bohemian Rhapsody", wa pili "I'm in Love with My Car", ndio huo wimbo wa gari.

Nasema Wazungu kwa mazoea. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, na familia yake ilihama baada ya Mapinduzi ya 1964. Haya nimeyajua ukubwani. Nyumbani tulichojua ni kwamba katikati ya ule wimbo mrefu wa upande wa kwanza kuna watu wanapaza "Bismillah", na siku mama alipoisikia mara ya kwanza alitoka jikoni na mwiko mkononi akitaka kujua ni nani anayechezea jina la Mungu sebuleni kwake. Tangu hapo upande huo ulipigwa mama akiwa sokoni.

Huo upande wa kwanza sifa zake zinajulikana. Ulitoka Uingereza tarehe 31 Oktoba 1975, una dakika 5 na sekunde 55 wakati redio zilizoea nyimbo za dakika tatu, wakubwa wa kampuni wakasita, na bado ukakaa namba moja wiki 9. Wa pili hauna sifa hizo, lakini kwangu mimi ndio wenye kisa. Aliutunga mpiga ngoma wao, Roger Taylor, na ndiye anayeuimba. Ni wimbo wa mtu anayelipenda gari lake kuliko mwanamke, kwa mfano wa mmoja wa watu wao wa kubeba vyombo aliyekuwa na maradhi hayo, na humo inanguruma injini ya kweli, ya Alfa Romeo ya Taylor mwenyewe.

Ukinunua nyanya sokoni Owino, mama muuzaji akikupenda anakutupia mbili za nyongeza. Upande wa B ulikuwa nyongeza ya namna hiyo: umenunua wimbo mmoja, ukigeuza unakuta mwingine. Tofauti ni kwamba nyongeza ya santuri inalipwa. Malipo ya mtunzi yalihesabiwa kwa kila sahani iliyouzwa, na sahani ina pande mbili, kwa hiyo Taylor alivuna kwenye santuri ile sawasawa na Freddie aliyetunga wimbo uliokuwa ukinunuliwa. Ndani ya bendi jambo hilo lilileta manung'uniko. Mimi simlaumu Taylor hata kidogo. Santuri ilipotolewa tena Desemba 1991, baada ya kifo cha Freddie, upande wa pili uliwekwa wimbo mwingine, na gari likabaki nje.

Basi, nilikwenda Tororo nikaitoa gramafoni stoo, nikaipakia kwenye teksi ya Kampala nikiwa nimeipakata kama mtoto mgonjwa. Santuri niliiosha kwa maji ya betri, yale masafi yasiyo na asidi, na tone la sabuni ya vyombo, nikifuata mifereji kwa kitambaa cha pamba bila kulowesha karatasi ya katikati. Kazi ya dakika kumi. Fundi redio wa jirani akabadilisha kapasita mbili zilizokuwa zimevimba. Hayo yalikuwa mepesi.

Taabu ilianzia kwenye kitovu. Santuri za Uingereza za aina hii kwa kawaida zina tundu dogo la kuingia kwenye kile kijiti chembamba cha gramafoni, lakini yetu kitovu kilikuwa kimeng'olewa, imebaki na tundu la milimita 38. Hapo nilielewa kitu ambacho baba hakuwahi kutuambia: santuri zilizong'olewa kitovu ni za jukiboksi, ile mashine ya baa inayopiga santuri kwa sarafu. Mwenye baa akibadilisha nyimbo anaziuza zile za zamani kwa bei ya kutupa. Mzee wetu alikuwa akitwambia ameinunua dukani.

Nikakumbuka kwamba alikuwa na kidude cha duara cha alumini, alichokikereza mwenyewe karakanani, cha kuziba lile tundu. Kwenye sanduku hakikuwemo. Nikajichongea cha mbao, nikakitoboa katikati kwa makadirio ya jicho, nikaweka santuri, nikashusha sindano.

Ilitoka sauti nzito ya matope, kama mtu anayeongea ndani ya mto. Nikainua mkono upesi. Gramafoni hizi za zamani zina sindano mbili mgongo kwa mgongo, unazungusha kitasa kidogo kuchagua: upande mmoja umeandikwa 78, wa pili LP. Ile ya 78 ni nene, ya santuri za kale zenye mifereji mipana, na ndiyo niliyokuwa nimeitumbukiza kwenye mfereji mwembamba wa santuri ya 45, yaani ya mizunguko 45 kwa dakika. Ningeiacha ikazunguka mpaka mwisho ningekuwa nimemlimia marehemu shamba. Nilikaa kidogo nikimwomba radhi, kisha nikageuza kitasa.

Safari hii muziki ulitoka, ila unayumba. Kinanda cha mwanzo kilipanda na kushuka kama kinapigwa na mlevi kwenye mtumbwi. Kosa la kitovu changu: tundu likikaa pembeni hata kwa milimita moja, sahani inazunguka kama yai, na sauti inakwenda nayo. Nikaingia Katwe kwa mafundi wa lethi, ile mashine ya kukereza vyuma. Wa kwanza aliitazama santuri akaniuliza, "Ssebo, hii ni breki ya pikipiki gani?" Wa pili, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, hakuuliza chochote. Alipima tundu, akapima kijiti nilichomchorea, akachukua kipande cha alumini, akakikereza taratibu mpaka nyuzi za alumini zikamjaa miguuni. Alitoboa katikati kikiwa bado kimeshikwa na mashine, hakukitoa, na hiyo ndiyo siri: ukikitoa ukakirudisha, katikati inahama. Shilingi 15,000. Kiliingia kwenye santuri kwa mlio mdogo wa "tk".

Kuyumba kukaisha. Lakini Freddie sasa alikuwa na sauti ya mtu aliyeamka na mafua. Nikabandika kipande cha plasta pembeni mwa sahani, nikashika saa, nikahesabu mizunguko kwa dakika moja. 43. Nikarudia, 43 tena, na inatakiwa 45. Kisha nikajiona mjinga, maana kipimo kilikuwa kwenye santuri yenyewe: wimbo wa dakika 5 na sekunde 55. Nikaupiga wote na saa mkononi, ukaisha dakika 6 na sekunde 11. Piga hesabu, utaona ni ile ile 43.

Ndani ya gramafoni ya aina hii hakuna mkanda. Kuna gurudumu dogo la mpira linalobanwa kati ya mota na ukingo wa lile sinia linalobeba santuri, na likikauka linateleza. Yetu ilikuwa na miaka mingi bila kuguswa, mpira uking'aa kama ukucha, na grisi ya kwenye ekseli imegeuka gundi. Nilikwangua grisi yote, nikatia matone mawili ya mafuta ya cherehani, nikafuta ukingo wa sinia kwa spiriti, kisha nikaushika ule mpira nikausugua kwa msasa laini, kidogo tu, mpaka ng'aro ikatoka. Nikahesabu: 45. Nikapiga wimbo: dakika 5 na sekunde 55, labda na moja ya kidole changu kwenye saa.

Ila usiku huo nilisikia jambo jingine. Upande wa kwanza umekwisha. Unakaanga kama samaki kwenye karai kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sehemu za pole huzisikii vizuri. Ni kawaida: karibu dakika sita kwenye santuri ndogo ni nyingi, inabidi mifereji ibanane na sauti ikatwe chini zaidi, hivyo kila mkwaruzo unaisumbua. Weka juu yake mkono mzito wa jukiboksi na walevi wa Nairobi wanaotumbukiza sarafu kwa wimbo uleule kila usiku. Nikageuza. Upande wa gari ni mfupi karibu nusu, una nafasi, na pale baa nadhani hakuna aliyewahi kuubonyeza. Ngoma zilitoka nene, safi, mpaka nikatazama dirishani kama majirani wamesikia. Halafu kikaja kile kidonda, ukaruka.

Kwa hiyo baba alikuwa na sababu tatu za kupiga upande wa pili: wa kwanza ulikuwa umeliwa na baa, mama alikuwa na mwiko, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa injini. Ipi ilikuwa nzito zaidi, nilimuuliza mama siku nilipompelekea. Akasema baba yangu alipenda kelele tu.

Nilikuwa nimeiweka gramafoni juu ya meza ya kulia, wajukuu wakiwa wamekaa chini. Wimbo ulipofika kwenye kidonda nikaugusa kwa kidole, ukaendelea. Mama akatikisa kichwa: "Umebonyeza sana. Yeye alikuwa anagusa hivi," akanionyesha kwa kunigusa mkono, mguso wa unyoya. Injini ikanguruma, akacheka peke yake.

Ilipoisha niliitoa santuri nikamwonyesha kitovu cha Katwe, nikamsimulia habari za yule mzee mwenye miwani na safari zangu zote. Akakigeuzageuza mkononi.

"Mbona kama kile cha baba yako?"

"Kile kilipotea, mama."

"Kimepotea wapi? Si kile pale." Akaelekeza kidole kwenye cherehani.

Chini ya mguu wa nyuma wa kushoto, kimejaa vumbi na mafuta, kilikuwepo. Miezi minne sikuwahi kumuuliza. Nilikivuta, nikakifuta kwa shati, nikakiingiza kwenye santuri: kilikaa sawa kuliko cha Katwe. Mama akaniangalia.

"Kirudishe basi. Bila hicho cherehani inayumba."