Askari wa Pili Hana Mstari

Mdogo wangu wa mwisho alinipigia Jumatano usiku, sauti imenuna. Amechaguliwa kwenye igizo la chuo chao. Nikaanza kumpongeza, akanikatiza.

"Dada, subiri kwanza. Mimi ni Askari wa Pili. Sina mstari hata mmoja. Naingia na bunduki ya mbao, nasimama, natoka. Halafu wanataka nije mazoezini siku nne kwa wiki, miezi miwili. Kusimama nako kunafanyiwa mazoezi?"

Tulipomaliza kuongea akanitumia picha ya karatasi waliyosainishwa. Kanuni 14, zimechapwa vizuri, chini pameachwa nafasi ya jina, namba ya usajili na sahihi. Kuchelewa mara tatu ni sawa na kukosa siku moja. Ukikosa siku tatu bila taarifa, nafasi yako anapewa mwingine. Simu zizimwe. Mistari iwe kichwani kufikia wiki ya nne. Usinyoe wala kubadili mtindo wa nywele bila ruhusa ya mwongozaji. Usile ukiwa umevaa maleba. Usiguse kifaa ambacho si chako.

Nilipofika hapo kwenye kifaa nikacheka peke yangu sebuleni. Kwa upande wa chuo chetu, nakijua kibuyu kilichozaa kanuni hiyo.

Sisi tulicheza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, iliyochapishwa mwaka 1969, ambayo wengi wetu tulikuwa tumeisoma kwa ajili ya kujibu maswali na si kwa ajili ya kuisimamisha jukwaani. Mimi nilikuwa mwanamke katika umati. Sikuwa na jina wala mstari. Tulikuwa 18 wa namna hiyo. Wiki ya pili nikaongezewa kazi ya msaidizi wa meneja wa jukwaa, na sababu aliyoitoa Madam, mwongozaji wetu, ni kwamba mwandiko wangu unasomeka. Nikakabidhiwa daftari la mahudhurio na kalamu nyekundu. Kuanzia siku hiyo marafiki wakapungua.

Unaandika jina la mtu kwa wekundu, naye ni mtu mnayekula naye wali maharage mchana. Anakuja kukuomba: nilikuwa maktaba, nilikuwa naumwa tumbo, bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, limeingia nilikuwa kwenye foleni ya benki. Kwetu igizo lilihesabiwa ndani ya zile alama 40 za muhula, kabla ya mtihani wa mwisho wenye 60. Kwa hiyo wekundu wangu haukuishia kumkasirisha Madam. Ulikuwa unamsogeza mtu kwenye sapu, ule mtihani wa marudio, na kwa wengine sapu ya pili ilikuwa inanukia kudisko, yaani kuondolewa masomoni. Nilijifunza kuandika bila kuinua macho.

Waliodoji zaidi walikuwa wa umati. Hoja yao ni hii hii ya mdogo wangu: tupo 18, nikikosa mimi nani ataona? Kila mmoja akifikiri hivyo kwa wakati wake, siku moja Kinjeketile anatoka mtoni na habari kubwa ya kuwaunganisha watu wa makabila yote, na mbele yake wamesimama watu sita, mmoja anapiga miayo. Madam alisimamisha mazoezi. Hakufoka. Akauliza tu, kwa ile sauti yake ya chini, "Hawa sita ndio watakaopigana na Mjerumani?"

Kisha akafanya jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Akapita kwa kila mmoja wetu akiuliza: Wewe ni nani? Umetoka kijiji gani? Umekuja kwa miguu siku ngapi? Umemwacha nani nyumbani? Hakuna aliyejua. Akatupa siku mbili tukasome. Ndipo nilipojua kwamba vita vyenyewe vilianzia Nandete, huko Umatumbi, Julai 1905, kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Na kwamba Kinjeketile Ngwale mwenyewe, yule wa kwenye historia, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, vita vikiwa ndio kwanza vinawaka. Nilirudi mazoezini nikiwa mama wa Nandete, mgongo unaniuma kwa kazi ya shamba la pamba, mtoto nimemwachia mama mkwe. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyejua hayo. Lakini kuanzia siku hiyo nilijua mikono yangu niiweke wapi, na mtu aliyewahi kusimama jukwaani bila mstari anajua kwamba tatizo lake la kwanza ni mikono.

Sasa kibuyu.

Madam aliamua dawa ya maji, ile iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, itolewe kwenye kibuyu cha kweli, watu wapite mmoja mmoja, Kinjeketile achovye usinga na kuwanyunyizia. Alikataa kuigiza maji kwa mikono mitupu. Alitaka hadhira iyaone yakimetameta kwenye taa, walio mbele yawarukie kidogo. Kibuyu kilikaa nyuma ya jukwaa juu ya meza ndefu, nimeitandika karatasi za kufungia na kuchora kwa maka umbo la kila kifaa mahali pake: usinga hapa, bakora ya mnyapara hapa, bunduki mbili za mbao, kibuyu pembeni kabisa. Kifaa kikikosekana unaona mchoro mtupu. Nilijivunia ile meza kuliko jina langu kwenye programu ya onyesho, ambalo hata hivyo walilikosea.

Usiku wa onyesho la kwanza ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Joto la Februari. Wa umati tulikuwa tumevaa kaniki juu ya nguo zetu wenyewe, tumepakwa vumbi na mafuta, tunatoka jasho kama tumetoka kupandisha maji ghorofani. Kijana mmoja wa umati, ambaye alidoji mara mbili na leo kaja na ari ya kufidia, akasikia kiu. Akatazama mezani. Kuna kibuyu, kina maji, nimeyajaza mimi mwenyewe kutoka kwenye dumu la maji ya kunywa. Akakiinua akanywa. Akampa na mwenzake, maana ustaarabu. Wakakirudisha kwenye mchoro wake pale pale, sawasawa kabisa. Nilipoikagua meza kabla ya tukio la maji nikaona kila kitu kipo mahali pake, nikaweka tiki.

Kinjeketile akachovya usinga. Ukatoka mkavu. Akachovya tena, akaukung'uta ndani ya kibuyu, ukatoa ile sauti ya kitu kikavu ndani ya kibuyu kitupu, kako kako kako, na ukumbi mzima uliisikia. Mimi nilikuwa wa nne kwenye mstari. Nikamwona macho. Kwa sekunde tatu hivi nadhani alifikiria kwenda nyumbani kwao. Kisha akaupitisha usinga mkavu usoni kwa mtu wa kwanza, taratibu, kama anayemfuta machozi, na sote tulifutwa hivyo hivyo, 18. Watazamaji walidhani ndivyo ilivyopangwa. Mhadhiri mmoja alisema baadaye kwamba dawa isiyokuwa na maji ni tafsiri ya kina sana. Madam akamshukuru kwa tabasamu na kunitazama mimi bila tabasamu.

Kesho yake niliandika kwa mkono wangu, kanuni ya 9: Hakuna anayegusa kifaa kisicho chake, hata kama kina maji. Maneno ya mwisho Madam aliyafuta, akasema hayana hadhi. Mimi niliyapenda.

Lakini mdogo wangu aliuliza kuhusu kusimama, na yeye ni askari, kwa hiyo nimwambie la askari. Kwetu pia walikuwa wawili. Wa Kwanza anampiga mkulima kofi, wa Pili anamshika mkulima mikono kwa nyuma. Kofi la jukwaani halipigwi. Mkono unapita mbele ya uso, hadhira ipo upande usioona nafasi iliyobaki, na sauti inatoka kwa mtu mwingine anayepiga mikono yake mahali pasipoonekana. Mara nyingi ni yule yule anayepigwa, akipiga viganja chini kwenye kiuno chake. Kwetu mkulima alikuwa ameshikwa mikono, kwa hiyo sauti ilikuwa kazi ya Askari wa Pili: amshike kwa mkono mmoja, na wa pili aupige pajani kwake wakati ule ule kofi linapita. Pia yeye ndiye anayesikia pumzi ya mkulima, anajua kama yuko tayari, na anamminya kidogo kifundo kumpa Askari wa Kwanza ishara kupitia kichwa cha mkulima kinachoinuka. Mtu asiye na mstari ndiye aliyekuwa ameshika saa.

Siku aliyokosa mazoezi, akashikilia mtu mwingine nafasi yake kwa hisani. Hakujua kuminya. Mkulima hakuinua kichwa, akageuka kutazama kulikoni, akakutana na kofi zima la kijana wa kilo 80. Mdomo ukapasuka. Damu ikadondokea kwenye maleba ambayo tulikuwa tumeyaazima. Wale wawili walikuwa chumba kimoja hosteli na hawakuongea hadi wiki ya pili, na Askari wa Pili aliporudi na karatasi yake ya zahanati nilimwandika kwa bluu, kwa sababu alikuwa anaumwa kweli na alitoa taarifa. Kosa lilikuwa letu, kufanya tukio la kupigana wakati mmoja wa wahusika hayupo. Hiyo nayo iliingia kwenye karatasi.

Chumba cha kuvalia sitakielezea sana. Kilikuwa darasa, tumefunga kanga katikati na kamba ya kuanikia. Mtu mmoja akapiga video "ya kumbukumbu" na kuiweka kwenye grupu la darasa, na nyuma ya kumbukumbu yake kulikuwa na wasichana wawili wanabadilisha nguo. Madam alimwondoa siku hiyo hiyo, siku tatu kabla ya onyesho, ingawa alikuwa na mistari mingi na alikuwa anaijua. Watu walisema amezidisha. Mimi hadi leo nasema hapana. Mwanamume kama mdogo wangu anaisoma kanuni ya simu akidhani ni ya kuzuia kelele.

Kuna jambo moja kwenye karatasi yake lilinikera, na kwenye yetu ilikuwa vilevile. Nimezihesabu kanuni zote 14. Kumi na tatu zinaanza na "Mwanafunzi atapaswa." Moja inaanza na "Chuo hakitahusika." Hakuna inayosema mazoezi yatakwisha saa ngapi. Ya kuanza ipo, saa kumi jioni, imepigiwa mstari. Sisi tuliokaa mtaani tulitoka wiki ya mwisho saa nne usiku, saa nne na nusu, na daladala ya kwetu ilikuwa imeshapungua hadi kubaki ile moja inayosubiri ijae. Msichana anasimama kituoni peke yake na vumbi la Nandete bado liko shingoni. Nauli ya bodaboda unaitoa kwenye hela ya kula. Nilimwandika mwenzangu kwa wekundu siku mbili, siku ya tatu akaniambia kwamba mjomba wake amemfungia mlango kwa sababu ya kurudi usiku, na anafikiria kuacha. Nilipompelekea Madam habari hiyo alikaa kimya, kisha akapanga matukio yote ya wanaokaa mtaani yafanywe kwanza. Ilichukua dakika kumi kupanga. Ingeweza kufanyika tangu wiki ya kwanza, kama kungekuwa na mahali pa kusemea.

Vilevile hakuna kanuni inayomwambia mhadhiri wa kozi nyingine asiweke tesiti jioni ya mazoezi ya maleba. Huyo unamwendea mwenyewe, na barua, na heshima zote, na unaweza kurudi mikono mitupu.

Na funguo. Sijawahi kuona karatasi ya kanuni inayosema funguo za ukumbi ziko kwa nani. Sisi zilikuwa kwa mlinzi wa getini, mzee mmoja mwenye redio ndogo, na hakuwa anampa mwanafunzi anayekuja mbio na "Niaje, nipe funguo." Anageuza uso, anaongeza sauti ya redio. Unasimama, unamwamkia, unamuuliza habari za nyumbani, unamsikiliza goti. Ndipo mkono unaingia mfukoni. Ukishafungua unachukua ufagio, kwa sababu ukumbi ule mchana ulikuwa wa mihadhara na kila siku tuliukuta umejaa vikaratasi, na tulifagia kwa zamu, Kinjeketile akiwemo. Wiki ya kwanza alidai mhusika mkuu asifagie. Nilimpa ufagio nikamwonyesha jina lake daftarini.

Yote haya nilimwandikia mdogo wangu kwa vipande vipande siku ya Alhamisi, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Akajibu kwa kidole gumba tu. Nikajua hajasoma.

Jana saa tisa na dakika ishirini simu ikalia mezani.

"Dada nimewahi. Niko peke yangu. Mlango umefungwa, na mlinzi ananiangalia tu."

Nikamwandikia: "Umemwamkia?"

Tiki mbili za bluu. Akakaa kimya muda, kisha ikaja picha ya ufagio.