Kulifuata neno la ngurumo mpaka Wales

Jamani, mi nilipanda treni mpaka Chester, mji wa Uingereza, kuangalia jiwe, nafika, jiwe halipo. Uzembe wangu tu, sikusoma vizuri. Ni kweli lilipatikana Chester mwaka 1653, ila siku hizi liko Oxford, makumbusho ya Ashmolean.

Hilo jiwe ni madhabahu, askari wa lejioni ya 20 ya Warumi alimsimamishia Jupiter, mungu wao mkuu, mwaka 154, na baada ya jina la Jupiter akachonga la kienyeji, Tanarus. Hapo ndo palinitoa nyumbani. Kwa sababu Waselti wa Gallia, yaani Ufaransa ya kale, walikuwa na mungu wa ngurumo anaitwa Taranis, mshairi wa Kirumi Lucan kamtaja, na kwa Kiwelshi, lugha ya Kiselti ya Wales, ngurumo mpaka leo ni taran. Sasa angalia, Tanar, taran, N na R zimepishana!

Wanaisimu wanarudi nyuma mpaka mzizi *(s)ten-, kunguruma. Hiyo nyota maana yake neno halijawahi kukutwa limeandikwa popote, wamelijenga kwa kulinganisha watoto wake, kina tonare ya Kilatini, Donner ya Kijerumani, thunder ya Kiingereza. Kwenye Donner na thunder N inatangulia R, Waselti ndo wakapindua wakapata *toranos, ila yule askari kachonga kwa mpangilio wa zamani.

Basi nikaona nisirudi mikono mitupu, nikadandia treni ya Conwy, huko Wales, inapita kandokando ya bahari, matangazo Kiwelshi kwanza halafu Kiingereza. Kufika Rhyl mvua ikamwagika na mbingu ikaunguruma, nikamgeukia bibi mmoja jirani yangu, nikamwambia taran! Akacheka, akasema mellt a tharanau, umeme na ngurumo. T imekuwa TH kisa hiyo "a" mbele yake. Nikakumbuka kwetu mti mrefu lakini nyumba ndefu, kumbe si sisi tu.

Akauliza, na kwenu? Nikataka kusema radi, nikasita, maana radi tumeitoa kwenye Kiarabu, ra'd, na kule ni ngurumo tu, sisi ndo tumeifanya ipige watu na minazi. Nikamwandikia ngurumo pembeni ya gazeti lake. Akasoma ng'urumo, kama ng'ombe, kwao NG inasomwa hivyo, na akarudia mpaka tunashuka Conwy.