Namba Tatu

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, pale Portland katika jimbo la Maine, alikuwa mwamuzi wa bia mwenye cheti. Mwalimu mstaafu wa kemia, mtu mtaratibu, ambaye Jumamosi zake nyingi zilikwisha mezani akinusa, akionja na kuandika alama. Muda mfupi baada ya mimi kuhamia alinikuta kwenye ngazi nimebeba mfuko wa ulezi, akauliza ni wa nini. Nikamweleza habari za mbege: ndizi mbivu zinavyochemshwa na kuachwa zichachuke, kimea cha ulezi kinavyopikwa uji, na bibi yangu kule Kibosho, Kilimanjaro, alivyosomesha watoto kwa pombe aliyopika kwa mikono yake. Tangu siku hiyo hakuniacha. Mjukuu wa mpika pombe, kwake yeye, alistahili kiti mezani. Ndivyo nilivyojikuta Novemba 2022 kwenye sebule yake, mbele yangu glasi sita ndogo na karatasi ya kutolea alama.

Nilikwenda na kaka mmoja tuliyefanya naye kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye ni mtu wa Bukavu. Portland ina Wakongo wengi, na Kiswahili unakisikia kwenye basi, dukani, na kanisani siku ya Jumapili. Njiani alinionya mapema: "Dada, miye niko mtu wa Primus. Pombe yenye iko chungu sana, hapana." Primus ni bia ya kwao Kongo. Nikamwambia aje hivyo hivyo. Ulimi ambao haujazoeshwa kusifu jina fulani ndio unaotakiwa kwenye kazi ile.

Bia zote za siku hiyo zilikuwa IPA, yaani India Pale Ale, aina ya bia yenye asili ya Uingereza, na zote kutoka New England, pembe ya kaskazini mashariki ya Marekani. Mkoa huo una viwanda vidogo vya bia hadi kwenye vijiji ambavyo ukipita kwa gari huvioni. Mke wa mwenyeji wetu alikuwa amezifunika chupa na makopo kwa karatasi ya foili jikoni na kuyapa namba, peke yake, ili hata mumewe asijue ipi ni ipi. Agizo pekee alilopewa lilikuwa ile kali kuliko zote iwe ya mwisho, isije ikaziba ulimi kabla ya nyingine. Nilipenda sana utaratibu huo. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi naongeza kwamba mnywaji naye akisikia jina la mgema hodari huacha kuonja. Foili iliondoa yote mawili.

Kabla hatujaanza mzee alitupitisha haraka kwenye historia ya IPA. Mwishoni mwa karne ya 18, kiwanda cha bia cha Hodgson kilikuwa Bow, mashariki mwa London, karibu na gati za meli za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki. Meli hizo zilikata ikweta, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kupanda Bahari ya Hindi hadi India, safari ya miezi mingi kwenye joto, na mapipa ya bia yakiwa chini shehenani. Hopsi, yale maua ya kijani yanayotia uchungu, huzuia bakteria wanaochachusha bia vibaya, kwa hiyo bia yenye hopsi nyingi ilifika ikiwa inanyweka. Miaka ya 1820 wapikaji wa Burton, mji wa katikati ya Uingereza, wakaingia kwenye biashara hiyo, na maji yao yenye jasi yakaufanya uchungu utokeze vizuri zaidi. Waamerika waliichukua IPA baadaye sana na kuitia hopsi zao wenyewe, hasa Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972 na yenye harufu ya ganda la balungi.

Halafu karatasi. Hii ndiyo iliyonivutia kuliko yote, maana nilidhani kutoa alama ni kusema nzuri au mbaya. Jumla ni 50. Harufu ina 12, mwonekano 3, ladha 20, jinsi bia inavyokaa mdomoni 5, na 10 za mwisho ni za bia nzima kwa ujumla. Kila sehemu ina mistari ya kuandika sababu, na mzee alisisitiza kwamba alama isiyo na sababu ni kelele tu. Tena kuna mwongozo unaotenganisha aina na aina. IPA ya Kimarekani ni ile angavu, kavu (yaani isiyobaki na utamu), yenye uchungu unaosimama. IPA ya ukungu, ambayo watu wa jimbo la Vermont ndio walioifanya maarufu, ni nzito kwa kuitazama, laini, imejaa harufu ya matunda, na uchungu wake ni wa chini. Ukiipima moja kwa kipimo cha nyingine umeidhulumu. Kila mmoja wetu alitakiwa aandike kwanza ni aina ipi, ndipo atoe alama.

Namba 1 na 2 zilipita bila ubishi. Zote zilikuwa na ukungu, zote nzuri. Ya pili ilinuka embe na kitu kama utomvu wa msonobari, nikaipa 39 bila kusita.

Namba 3 ilimiminwa ikiwa angavu kabisa. Ungeweza kusoma gazeti upande wa pili wa glasi. Rangi ilikuwa kati ya dhahabu na shaba, povu jeupe lililoshuka polepole na kuacha utandu kwenye kioo kila niliponyanyua. Niliiweka puani: majani yaliyokatwa, ganda la chungwa, na nyuma yake harufu ya nafaka iliyobanikwa. Sikupata embe wala nanasi. Niliposikia wenzangu wawili wakiguna nilijua wameikosa ile harufu ya matunda waliyoizoea. Nikanywa. Mwanzoni utamu kidogo wa kimea, kama maganda ya mkate. Kisha nikameza, na hapo ndipo uchungu ulipokuja, pembeni mwa ulimi na nyuma kabisa, ukakaa, ukasafisha ule utamu wote, ukaniachia kinywa kikavu kinachotaka tena.

Ule uchungu niliujua. Mbege ya nyumbani hutiwa msesewe, gamba la mti ambalo bibi alilianika juani, akalitwanga, akautia unga wake kwenye uji wa ulezi jikoni. Alikuwa akichovya kidole, anaonja, anatulia kidogo akisubiri, kwa sababu uchungu wa msesewe hauji palepale. Unakuja baada ya kumeza. Ukizidi, wanywaji wanakunja uso na kata inarudi imejaa. Ukipungua, ndizi inabaki na utamu wa kukinaisha, mtu anakunywa kata moja na kuaga. Bibi hakuwa na karatasi ya alama, lakini kipimo alikuwa nacho, na kilikuwa hicho: je, mkono unaifuata kata ya pili? Nilikaa mezani pale Portland na glasi ya bia ya watu wengine nikaona kwamba aliyeipika alijiuliza swali lilelile.

Niliandika: harufu 9, mwonekano 3, ladha 15, mdomoni 4, kwa ujumla 7. Jumla 38.

Namba 4 ilikuwa imekufa. Sitaitaja ilikotoka, maana pengine kosa lilikuwa la rafu ya duka na si la mpikaji. Ilikuwa IPA ya ukungu ambayo rangi yake ilikuwa imegeuka kijivu chenye zambarau, na ladha yake ilikuwa ya boksi lililolowa. Mzee alitueleza kwamba bia hizi zenye oti, ngano na hopsi nyingi zinazotiwa baada ya bia kupoa ni dhaifu sana mbele ya oksijeni. Zinatakiwa ziwe kwenye baridi tangu kiwandani, na zinywewe ndani ya wiki chache. Chini ya kopo kulikuwa na tarehe, na ilikuwa na miezi zaidi ya minne. Tangu siku hiyo sinunui IPA bila kugeuza kopo. Ningependa kila anayelipa pesa yake kwa bia hizi afanye hivyo hivyo, kwa sababu si bei ndogo.

Ya tano ilikuwa safi, chungu kwa kiasi, yenye harufu ya balungi, na meza nzima ikaipenda. Ya sita ilikuwa kali na nzito, harufu imejaa sebule kabla hata hujainama. Hizo nazo hazikuwa na mgogoro.

Mgogoro ulikuja kwenye kusoma alama. Desturi ya waamuzi hawa ni kwamba alama zikipishana kwa zaidi ya 7, watu wanajadiliana mpaka zisogeleane. Namba 3 ilipata 26, 27 na 29 kutoka kwa Wamarekani watatu tuliokuwa nao mezani. Mzee aliipa 34. Kaka yangu wa Bukavu aliipa 40 na kusema kwa sauti, "Iyi njo bia." Mimi nilikuwa na 38.

Mmoja wa hao watatu, mama kutoka Waterbury, Vermont, aliyejua kuonja kweli kweli, alianza: haina harufu ya kutosha, haina matunda, ni bia ya zamani. Akanitazama kwa upole, kama anayenisubiri nishuke. Nilimjibu kwamba karatasi yake yeye mwenyewe imeandikwa IPA ya Kimarekani. Mwongozo unataka aina hiyo iwe angavu, kavu na chungu, na bia hii ni angavu, kavu na chungu. Embe inadaiwa na aina nyingine. Kisha nikawaeleza msesewe. Mzee alifurahi mno, akaingia kwenye kemia yake: asidi za hopsi hazina uchungu wa maana mpaka zichemke, karibu saa nzima, ndipo zinabadilika umbo na kuyeyuka kwenye bia. Lakini kuchemka huko huko kunafukuza mafuta ya harufu. Kwa hiyo mpikaji wa bia ya ukungu hutia hopsi zake nyingi mwishoni, anapata harufu na kuukosa uchungu, na mpikaji wa namba 3 alikuwa ameamua kuchemsha. "Ni uamuzi," alisema, "si upungufu." Alipandisha yake hadi 36.

Tukaionja tena, sasa ikiwa imepata joto kidogo. Wawili walisogea, wa 26 akafika 31 na wa 27 akafika 32. Mimi sikushuka. Waliniuliza mara mbili, nikasema sababu zangu zimeandikwa na bado zinasimama.

Foili zikaondolewa. Ya kwanza ilikuwa Fiddlehead ya Shelburne, Vermont, ya pili The Substance ya Bissell Brothers, ya hapo hapo Portland. Ya tano ilikuwa Lunch ya Maine Beer Company, iliyopewa jina la nyangumi anayeonekana kwenye pwani ya Maine akiwa na pezi lililong'atwa, na ya sita Heady Topper, ambayo kiwanda cha The Alchemist walianza kuitia kwenye makopo mwaka 2011, siku zile zile mafuriko ya dhoruba Irene yalipoiharibu baa yao Waterbury. Yule mama alikuwepo mafuriko hayo, akasimulia kidogo, na sote tulinyamaza kumsikiliza.

Namba 3 ilikuwa Harpoon IPA ya Boston. Inauzwa kila duka, tangu mwaka 1993, na mwaka 2014 wafanyakazi wa kiwanda chenyewe walipata karibu nusu ya umiliki wake. Hakuna anayepanga foleni kwa ajili yake. Mmoja wa wale Wamarekani alisema alikuwa nayo kwenye friji kwa miaka na hakuwahi kuinusa. Kaka yangu alipiga picha chupa ili aitambue dukani.

Mama wa Waterbury alibaki na 29. Aligeuza karatasi akanisomea alichoandika: kimea kimezidi kidogo katikati, harufu inakatika baada ya dakika chache, na kwa IPA ya Kimarekani ya leo angetaka ukavu zaidi. Nikarudi kwenye glasi yangu, nikanusa. Kuhusu harufu alisema kweli, ilikuwa imeshuka. Nikaliandika hilo kwenye mstari wa harufu wa karatasi yangu, 9 nikaiacha, na tukaendelea kubishana kuhusu ukavu mpaka mke wa mwenyeji alipoleta chakula.