Kipima mvua cha chupa, Makorora: wiki ya nane

Mimi na watoto wa hapa tunapima mvua kwa chupa na kuandika daftarini, na wiki tatu nzima tumekuwa tukiandika tarakimu zisizo za kweli. Jumanne chupa ya uani kwetu ilionyesha milimita 19, ya shuleni 31, na huko ni mwendo wa dakika tano tu. Nikadhani mmoja kasoma vibaya. Binti wa darasa la sita ndiye aliyeinua macho: "Dada, si huu mwembe?"

Tukaweka chupa nyingine uwanjani, mbali na mti. Mvua ya Alhamisi ikatoa 8 chini ya mwembe na 14 uwanjani. Kipimo kinatakiwa kiwe mbali na mti au ukuta, angalau mara mbili ya urefu wa mti au ukuta huo. Nilijua, ila niliogopa mpira wa watoto. Siku zote za mwembe tumezizungushia kalamu nyekundu, hatukuzifuta.

Anayetaka kutengeneza: chupa ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, isiyo na kiuno. Kata juu, pindua mdomo uingie ndani kama faneli ili jua lisikaushe maji. Chini mimina simenti kidogo pawe bapa, ndipo uanzie sifuri ya rula. Tunasoma saa 3 asubuhi kila siku.

Swali lililotuweka muda mrefu: mbona ndoo na kikombe vilivyonyooka hupata milimita sawa? Ndoo inakusanya maji mengi, lakini yanatandaa kwenye nafasi kubwa. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Tukapima bati la jirani, mita za mraba 40. Mvua ya milimita 31 hapo ni lita 1,240, yaani ndoo 62 za lita 20. Mama mwenye nyumba, ambaye maji hununua kwa ndoo, alinyamaza, kisha akauliza gata zinauzwaje.

Kazi kubwa ni haraka ya watoto. Mvua ikipiga sana, "mabadiliko ya tabianchi hayo!" Wiki ikiwa kavu, vilevile. Nawaambia mvua ya jana ni hali ya hewa. Tabianchi husomwa kwa wastani wa miaka mingi, kwa kawaida 30. Mmoja akahesabu: atakuwa na miaka 43.

Ndipo nikawapeleka kwa babu mmoja aliyekuwa akisoma kipima mvua kwenye shamba la mkonge. "Shikamoo babu." "Marahaba, wajukuu zangu." Akawasimulia masika ya ujana wake, na elinino ya 1997/98. Maneno yake yako kurasa za nyuma, mbali na tarakimu. Kumbukumbu ya mtu na kipimo si kitu kimoja, na vyote viwili navitaka.

Daftari hulala kwa mtoto mmoja kila wiki. Ijumaa limelowa kona. Tumenunua la jalada gumu na tunanakili kurasa zote, za mwembe zikiwemo.